Mwanakondoo Niliyemwogesha

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapoona kondoo akimlamba mwanawe. Nilikuwa nimeolewa Masama mwaka huohuo, na katika zizi la mama mkwe wangu alikuwapo kondoo jike wa jirani, tuliyepewa tumtunze. Kwa desturi yetu, mzao wa kwanza ni wa mwenye kondoo, wa pili ni wa mtunzaji. Asubuhi hiyo alizaa mapacha. Mama mkwe akaniambia yule mdogo, mwenye doa jeusi sikioni, ni wangu. Mwanangu, sikuwa nimewahi kumiliki kitu chenye pumzi.

Mchana huo akina mama wa jumuiya walikuwa waje kusali kwetu. Mama mkwe alipokwenda kukata majani, nilifagia zizi, nikayapeleka matandiko aliyozalia kondoo kwenye migomba, yawe mbolea. Kisha, kwa kutaka wageni wamwone mnyama wangu aking'aa, nikamwogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikamkausha kwa kanga.

Nilipomrudisha, mama yake alimnusa, akampiga kichwa. Mwanakondoo akajisogeza tena kunyonya. Akapigwa tena, akaanguka. Pacha wake alikuwa akinyonya huku akitikisa mkia.

Mama mkwe alirudi na mzigo wake wa majani, wageni wakiwa nyuma yake. Alimwinua mwanakondoo, akamnusa mara moja tu.

"Umembatiza bila mchungaji?"

Wageni wakacheka.

"Nilitaka awe safi, Mama."

"Safi kwa ajili ya nani? Mama yake anamjua kwa harufu, nawe umeifuta. Asipoyanyonya maziwa mazito ya kwanza leo, kesho utamzika. Matandiko yako wapi?"

"Kwenye migomba."

"Kayalete."

Nilikwenda na gauni langu la kanisani, nikapekua mbolea kwa mikono.

"Chimba, bibi harusi!" mmoja akanitania.

Niliyapata yangali na unyevu. Mama mkwe alimsugua nayo mwanakondoo mwili mzima, akamnyunyizia chumvi kidogo mgongoni. Akambana kondoo ukutani, nami nikamwelekeza mwanawe kwenye chuchu. Kondoo alirusha mateke. Tukarudia, tukarudia tena, sala ikisubiri. Mwishowe aliilamba ile chumvi, na ilipokwisha akaendelea kulamba.

"Haya, sasa tusali," mama mkwe akasema, akanawa mikono.

Miezi iliyofuata nilijifunza kukaa kando. Nilimwekea kondoo majani mabichi na maji ya kutosha ili asikaukiwe maziwa, na wanawe wakaanza kuonja majani wenyewe. Walipozoea kula, niliwatenga naye mchana tu, jioni nikawarudisha. Walilia siku kadhaa, kisha wakanyamaza. Ndipo nikawaachisha kunyonya kabisa.

Mwanangu, ukikabidhiwa kiumbe mchanga, uliza kwanza anahitaji nini. Namna atakavyopendeza machoni pa watu iache baadaye. Mwache mama yake amlambe mpaka akauke. Hakikisha amenyonya. Siku ya kumwachisha ikifika, usimkatie maziwa ghafla. Mimi nilimpenda yule mwanakondoo kwa moyo wote, na ni mapenzi hayohayo yaliyokaribia kumuua.

Mungu akujalie zizi lenye kelele za wachanga, na akupe mikono inayojua kungoja.