Mwanaarusi Alivyongoja Lozi

Mwanaarusi wa Kipini alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Tuneya. Alimlea kwa kazi ya jikoni, nyumbani kwa Mfaransa aliyekuwa akinunua pembe za ndovu. Bibi wa Mfaransa ndiye aliyemfundisha biskuti za kwao: lozi unaziroweka, ukazimenya, ukazitwanga mpaka ziwe unga, ukachanganya na sukari na ute wa mayai uliopigwa mpaka ukafura povu. Basi. Mwanaarusi alizipika kwake kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Tuneya hukaa karibu akingoja zilizovunjika, na mama huvunja moja mbili kusudi.

Tuneya akaolewa na Godhana, Mpokomo mwenye shamba la mpunga huko Garsen, juu ya mto Tana. Mwaka wa pili akashika mimba, na mimba ikamsumbua. Siku moja Chande, mwenye mtumbwi, akateremka na salamu.

"Mwanao hali chakula kikakaa tumboni," alisema. "Anatamani biskuti zako za lozi. Na anasema uende mapema, anaogopa."

Kipini nzima hapakuwa na lozi. Mwanaarusi akaagiza Lamu. Kesho yake Chande alikuwa anarudi, akamwambia, "Panda twende, bibi. Lozi zitafuata."

"Mtoto ameomba kitu kimoja tu. Nitaendaje mikono mitupu?"

Chande akaenda zake. Lozi zilifika siku ya kumi na tisa. Mwanaarusi akatwanga siku hiyohiyo, akapika, asiunguze hata moja, akazipanga ndani ya mkebe na alfajiri akapanda mtumbwi wa watu wengine. Siku nne walisukuma mtumbwi kwa pondo kupandisha mto, na mkebe haukumtoka mapajani.

Godhana alimkuta ukingoni. Hakumpokea mzigo.

"Mama, tumemzika juzi."

Mwanaarusi alisimama matopeni. Akauliza, "Na mtoto?"

"Mzima. Wa kike."

"Tuneya aliniulizia?"

Godhana akatazama chini. "Kila akisikia mtumbwi, alituma mtu akatazame."

Matangani wanawake walifungua mkebe, wakazitia biskuti kwenye sinia pamoja na tende. Bibi mmoja asiyejua habari akasema hajapata kula kitu kitamu kama hicho, akauliza nani kapika. Mwanaarusi alitoka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa na mkono kinywani mpaka watu wakatawanyika.

Kipini hakurudi. Bibi wa Mfaransa alimtumia ujumbe mara mbili. Mara ya pili alijibu kwamba mikono yake imesahau. Mtoto alinyonyeshwa na Darmi, mke wa mfugaji wa Kiorma, aliyekuwa na mtoto wake mchanga. Mwanaarusi alimbeba asubuhi na jioni kwenda na kurudi, na katikati akapalilia mpunga wa mkwewe.

Mtoto alipoanza kusema, alimwita Darmi mama. Darmi akaona haya.

"Nitamkanya," alisema.

"Muache," Mwanaarusi akamjibu. "Wewe alipolia ulikuwapo."

Akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya shambani, na Darmi akamtazama akienda polepole, mara akisimama kufuta uso kwa ncha ya leso.