Mvisha Kofia na Bua Lililojiotea

Kazi yake ilikuwa kuyavisha mahindi kofia. Usicheke kwanza. Kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, nyuma ya uzio wa waya, kulikuwa na kishamba kisichozidi uwanja wa mpira. Kila bua lililokaribia kutoa mbelewele, lile ua la kileleni, lilifunikwa kichwa kwa mfuko wa karatasi, ukabanwa kwa pini, ili ule unga wa maua usipeperuke ukaenda kuzaa na mahindi ya watu wengine. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Mtaa mzima ukamwita Fundi Kofia, na wageni wasiojua habari wakamletea kofia zao zilizofumuka. Naye, kwa kuwa hakupenda kumvunja mtu moyo, alizishona.

Mahindi yenyewe hayakuwa ya kawaida. Wataalamu walikuwa wamechukua kitu kidogo kutoka kwa kijidudu cha udongoni, wakakitia ndani ya mbegu, na mmea ukaanza kujitengenezea protini ambayo haukuwahi kuwa nayo. Kiwavi akilitafuna jani, protini ile inamharibu tumbo na habari yake imekwisha. Mtu hadhuriki, walisema wataalamu. Lakini kibali cha kuyapeleka kwa wakulima kilikuwa bado, na mpaka kitoke, punje hata moja haikuruhusiwa kuvuka uzio. Kila jioni langoni wafanyakazi walivua makoti na viatu vya kazi wakaviacha, wakageuza mifuko ya suruali ikaning'inia nje kama masikio ya sungura, kisha wakakung'uta mapindo kwa brashi. Fundi Kofia ndiye aliyewafundisha wenzake kukung'uta, na aliyezembea alirudishwa naye mwenyewe kwa sauti ya upole: "Bwana, pindo la kushoto hilo bado lina mambo."

Tangu mkewe afariki alikuwa akiishi kwa dada yake mkubwa, mwanamke mfupi mwenye mdomo mwepesi na mikono isiyojua kutulia. Nyuma ya nyumba dada alikuwa na shamba lake la mahindi, mashina mia nne hivi, na humo ndimo kilimotoka chakula cha mwaka mzima: chake, cha mdogo wake, na cha wajukuu wawili aliowalea.

Msimu huo viwavi waliingia kama wamealikwa. Ukipita njiani asubuhi uliona mashamba ya majirani yametobolewa majani yote kama chujio, na katikati ya kila mmea, pale majani machanga yanapochomoza kama bomba, umejaa uchafu wa viwavi unaofanana na vumbi la mbao. Shamba la dada peke yake lilikuwa kijani kitupu.

Wa kwanza kulisema lile kwa sauti alikuwa jirani wa upande wa pili, mwanamke aliyeitwa Mama Redio kwa sababu mnazozijua.

"Shoga, haya mahindi yako yamechanjwa?" aliuliza, mikono kiunoni.

"Yamechanjwa na nani? Ninayatia jivu na mchanga mkavu, bua kwa bua, kila asubuhi wewe ukiwa bado unakoroma."

"Jivu! Sote tuna majiko hapa. Na kaka yako anafanya kazi wapi vile?"

"Ni mdogo wangu. Na anashona kofia."

Wakacheka wote wawili. Ila Mama Redio alipoondoka hakwenda nyumbani moja kwa moja, na kufika Jumatatu mtaa mzima ulijua kwamba Fundi Kofia anaiba mbegu za wazungu wa maabara, ingawa maabara ile haikuwa na mzungu hata wa dawa.

Jumanne Daktari alimwita ofisini. Huyu alikuwa daktari wa mimea, mwanamke kijana aliyekiongoza kituo, mwenye tabia ya kuzungumza huku akitazama kitu kingine.

"Mzee wangu," alisema akitazama dirisha, "nasikia mahindi ya dada yako hayana hata tundu."

"Ni kweli, Daktari. Anatia jivu."

"Jivu linasaidia. Kidogo." Akageukia kalenda ya ukutani. "Alhamisi nitapita. Unajua utaratibu."

Aliujua kuliko aliyeuandika. Likikutwa bua la kituo nje ya uzio, mahindi yote yaliyo karibu nalo yanafyekwa na kuchomwa moto. Alirudi nyumbani akilitazama shamba la dada yake kwa jicho lingine. Kwa nini lilikuwa zuri hivyo? Miaka yote dada alitia jivu, na miaka yote viwavi walikula angalau robo. Halafu nani anayemfulia suruali zake? Dada. Nani anayepekua mifuko kabla ya kuloweka? Dada. Punje moja ikijificha mfukoni, yeye ndiye angeiona, naye si mtu wa kutupa punje. Wazo likamwingia na halikutoka tena: dada anajua, na ananificha.

Jumatano kulipopambazuka alitoka na mkasi na vichupa sita. Mfukoni alikuwa na vijikaratasi sita vya kupimia alivyovichukua kituoni bila kuomba. Akakata kipande cha jani kona hii, kipande kona ile. Alikuwa ameinama kwenye shina la tano, katikati ya shamba, aliposikia ndoo ya jivu ikiwekwa chini.

"Mwizi wa majani ndiye wa aina gani tena huyu?"

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, na usinizuge. Unafanya nini shambani kwangu na mkasi?"

Alijaribu kudanganya akashindwa, kwa sababu hakuwa na mazoezi. Akasema yote: Daktari anakuja kesho, shamba linaweza kufyekwa, na yeye alitaka kujua kabla.

"Kujua nini?"

"Kama... kama labda uliokota punje kwenye nguo zangu ukapanda."

Dada akasema polepole, "Nimekulea tangu hujajua kufunga kamba za viatu. Leo unanipima kwa mkasi."

"Dada—"

"Hapana, twende. Twende jikoni ukapime mbele yangu. Nami nitakaa hapo hapo nikutazame wewe, maana nani ajuaye, huenda ni wewe uliyenipandia hayo madudu yako nikiwa nimelala. Sisi tunakula haya, ujue!"

Kumbe na yeye alikuwa na ya kwake moyoni.

Wakakaa mezani uso kwa uso. Fundi Kofia aliviponda vipande vya majani ndani ya vichupa vyenye maji, kila kimoja na chake, akatumbukiza vijikaratasi. Akaeleza: mstari mmoja mwekundu, jani ni la kawaida, miwili, jani lina ile protini. Dada alivuta kiti karibu mpaka pua ikakaribia kugusa kichupa.

Mstari mmoja. Mmoja. Mmoja. Mmoja. Cha tano nacho, mmoja.

Fundi Kofia akashusha pumzi na kuinamisha kichwa. "Nisamehe, dada."

"Nakusamehe kwa nini? Kwanza utafua nguo zako mwenyewe mwezi mzima." Lakini alikuwa anacheka, na chai akammiminia. "Mimi mwaka huu nimetia jivu kila siku, si mara moja kwa wiki kama zamani. Ndiyo siri yote. Na ardhi yenyewe imenipenda. Hata lile la kule kwenye jiwe la kufulia, ambalo silitii jivu kabisa, hebu kaone lilivyo safi."

"Lipi hilo?"

"Lilijiotea lenyewe. Nikasema mimi ni nani nikatae zawadi?"

Chai ikamkaa mdomoni. Bua lisilotiwa jivu, lisiloliwa, lililoota lenyewe pale pale ambapo suruali zake hukung'utwa na maji machafu kumwagwa. Akaenda kukata jani. Kijikaratasi cha sita kilikunywa maji taratibu, mstari wa kwanza ukatokea, na juu yake, kama mtu anayechungulia dirishani, ukatokea wa pili.

Dada akakiangalia kijikaratasi, kisha akamwangalia mdogo wake. Safari hii hakucheka.

Akaileta suruali ya kazini kutoka kwenye kamba. Ilikuwa ile ambayo Fundi Kofia aliipunguza urefu mwenyewe wakati wa mavuno yaliyopita, kwa kushona pindo pana kwa ndani. Upande mmoja nyuzi ziliachia, pakawa na tundu la kidole kuelekea juu. Brashi ya langoni miezi yote ilikuwa ikisugua nje, na pindo likitunza vitu vyake ndani. Fundi wa kukung'uta alijishonea mfuko na asijue.

"Ling'oe," dada alinong'ona. "Tulitie jikoni sasa hivi. Halijachanua. Nani ataona?"

Ni kweli halikuwa limechanua. Hilo hakuna aliyelijua vizuri kuliko yeye. Zilikuwa zimebaki wiki mbili au zaidi kabla ya mbelewele, kwa hiyo halikuwa limezaa na lolote. Angeweza kuling'oa na Alhamisi Daktari asikute kitu. Tatizo ni kwamba hakuiamini tena ile suruali. Ilikuwa imedondosha punje ngapi? Hapo tu, au njiani pia, au ndani ya mistari ya dada ambako mkasi wake haukufika?

"Nikificha hili," akasema, "na kukawa na jingine litakalochanua, ndipo watakapofyeka lote. Na watakuwa na haki."

"Na ukisema wakafyeka kesho? Wajukuu nitawapa mstari mwekundu wale?"

Fundi Kofia akaling'oa bua na mizizi yake, akalifunga ndani ya mfuko wa karatasi, akaenda nalo kituoni kabla dada hajamaliza kumwita majina.

Daktari, kwa mara ya kwanza, alimtazama usoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza mara tatu kama lilikuwa limechanua, akalipasua bua kwa kisu kuhakikisha, maana na yeye hakumwamini. Kisha akasema, "Kwa kuwa halijachanua, hatufyeki bado. Tutapima kila shina. Lisipopatikana jingine, shamba linabaki."

Alhamisi wakaja watu sita wenye makoti meupe. Waliponda majani kumi kumi kwenye kichupa kimoja, mstari baada ya mstari, huku mtaa umejipanga kwenye ua na Mama Redio akitangaza. "Wamefika kwenye ndizi! Hapana, wamerudi nyuma! Mmoja amekuna kichwa!" Dada alisimama mlangoni na ndoo yake ya jivu, hakumsemesha mdogo wake hata neno.

Saa tisa Daktari akahesabu vichupa arobaini. Vyote mstari mmoja. Shamba likabaki.

Fundi Kofia hakurudishwa ndani ya uzio. Alihamishiwa stoo ya nje, kuosha trei, na mahindi ya kituo yakavishwa kofia na mtu mwingine. Alilipokea hilo kimya, ingawa dada alimwona mara mbili akisimama barabarani kuangalia kama mifuko imebanwa sawa.

Majirani nao wakaanza kuja, mmoja mmoja, alfajiri, kujifunza kutia jivu. Dada aliwaonyesha bila choyo. Mama Redio alikuja wa mwisho, na debe.

"Sasa tumebaki wawili, niambie ukweli. Jivu na nini?"

"Jivu na mchanga mkavu."

"Haya, usiniambie. Basi nipe jivu la jikoni kwako, la kwangu sina imani nalo."

Fundi Kofia akainuka kumsaidia kuchota.

"Wewe kaa hapo hapo ulipo," Mama Redio akamwambia, akilifunika debe kwa khanga. "Nachota mwenyewe."