Bandama Nililoliandika Bila Kuliona

Niliporudi Malindi na diploma yangu ya upigaji picha za hospitali, pamoja na mashine ya ultrasaundi niliyoiomba mwenyewe ng'ambo kwa barua nyingi, wenzangu hospitalini walisema sitaweza. Walisema mashine ile ni ya kutazamia mimba, na kwamba mwana wa muuza maji wa Shella anayetaka kuitumia kutafuta kifua kikuu kwa watoto anajitafutia jina tu. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mama wa Mambrui. "Kifua kikuu ki kifuani, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, mbele za watu. "Wewe wawapaka watoto mafuta tumboni, watafuta nini? Kitovu?" Wodi nzima ikacheka, na wagonjwa pia. Mama huyo amefariki Jumatatu iliyopita. Tulimzika kwao baada ya sala ya Alasiri, na nilikuwa mmoja wa waliotia bega kwenye jeneza.

Niliweza, na sioni haya kulisema. Mtoto mdogo hatoi makohozi ya kupimwa, huyameza. Eksirei ya kifua chake mara nyingi haitoi jibu. Lakini ugonjwa ukishuka tumboni, tezi huvimba kando ya mshipa mkuu wa damu, na bandama huingia vidoa vidogo vyeusi ambavyo mwenye jicho lililofunzwa huviona kwenye kioo. Mimi niliviona. Niliisukuma mashine yangu kwa magurudumu yake mpaka kitandani, mtoto akabaki pajani kwa mamake, na daktari akaanza kuningoja kabla ya kuamua. Baada ya miezi michache hata yule mama wa Mambrui aliacha kunicheka. Akawa ananiita Bwana Diploma, na mimi, kwa ujinga wa umri, nikadhani ni sifa.

Ndipo alipoletwa mtoto wa miaka mitatu kutoka Gongoni, ambako babake alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Alikuwa na homa ya majuma mengi na mwili uliokwisha kabisa, na dawa za malaria hazikumsaidia kitu. Daktari alishuku kifua kikuu, lakini matibabu yake ni miezi ya dawa na sindano, wala hakutaka kumwanzishia mtoto dhaifu kiasi kile bila sababu. Aliniambia waziwazi: nikiona kitu, anaanza leo, nisipoona, anampa ruhusa arudi nyumbani akalishwe. Nilimkuta mtoto amefungwa hirizi kwa kitambaa, upande wa kushoto chini ya mbavu, juu ya chale mbichi alizochanjwa kwa ajili ya bandama. Nikamwambia mamake afungue. Akaweka kiganja juu ya kitambaa. Nikasema tena, kwa ukali, kwamba nina foleni ya waja wazito inayoningoja. Kiganja hakikuondoka. Basi nikapima upande wa kulia, nikapima katikati ambako tumbo lilijaa hewa, kisha nikaketi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba ini, bandama na figo ni salama.

Asubuhi ya pili mama wa Mambrui alinijia mlangoni na ile karatasi mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Bandama uliliona saa ngapi?"

Nikaanza kusema kwamba kwa elimu yangu na uzoefu wangu...

"Elimu sikuuliza. Nimekuuliza saa ngapi. Mimi nilikuwa kitanda cha pili natandika shuka. Haya, sukuma mashine yako, mtoto anafungiwa mizigo arudi kwao."

Tulipofika kitandani hakumwambia mamake mtoto afungue kitu. Aliketi kando yake kitandani, akamwuliza habari za nyumbani, na nani anayekohoa huko. Ami yake mtoto, akajibiwa, nao walala chumba kimoja. Kisha akakigusa kile kitambaa kwa kidole. "Kafunga nani?"

"Nyanyake, mzaa baba."

"Kafunga vizuri. Hatufungui. Mimi nitaishika, nawe ushike mkono wangu, itapanda kidogo tu hapa kwenye mbavu. Ikishuka, lawama ni yetu sote wawili."

Yule mwanamke akautazama mkono wa mwenzake, kisha akauweka wake juu yake. Hirizi ikapanda vidole vitatu. Nikapitisha kipimio pembeni mwa zile chale, polepole, na bandama likaja kwenye kioo limejaa vidoa vyeusi. Nikageuza nikatafuta katikati, tumbo likiwa tupu safari hii, na tezi zilikuwa pale, zimejipanga kando ya mshipa. Nikainuka niende kwa daktari. Mama wa Mambrui akanishika shati.

"Mwambie kwanza mwenye mtoto. Jana ulimwandikia kuwa mwanawe ni mzima."

Nikamwambia yule mwanamke kwamba jana niliandika kitu nisichokiona, na kwamba mwanawe ana kifua kikuu. Bado alikuwa amemshika muuguzi mkono.

"Leo umeona?"

"Nimeona."

"Basi mtibuni."

Alitibiwa, akapona. Mama wa Mambrui hakulisema jambo lile kwa mtu yeyote hospitalini. Kama angetaka kunilipiza kiburi changu, neno moja tu lingetosha. Nasi watu wa vyeti tumekuwa wengi siku hizi, na mashine zitazidi kuja, nyepesi na zenye macho makali kuliko yangu. Vijana ninaowafundisha huniuliza kwanza swichi iko wapi. Nawaambia washike kalamu kwanza, wajifunze kuandika neno ambalo hakuna chuo kilichonifunza: sikuona.