Halwa Isiyoliwa

Juzi katika mtaa wa Ghubra, wasanii wa hapo waliandaa meza ya kuwakumbuka marehemu kwa mtindo wa Meksiko: picha, mishumaa, maua na vyakula walivyovipenda. Bibi mmoja akaweka picha ya mumewe na sahani ya halwa, kisha akawakaribisha wageni.

"Kuleni, mumuombee dua."

Msimamizi akamnong'oneza, "Bibi, hii sanaa. Hailiwi."

"Sasa isipoliwa, yeye atapata nini?"

Watu wakaipiga picha sahani, wakapita. Mimi nikamega kipande, nikamuuliza kwa nini hakumsomea marehemu hitma nyumbani na kugawa halwa huko.

"Nyumbani halwa nnayo, mwanangu. Watu ndio sina."

Nikamuuliza marehemu akiitwa nani, nimuombee. Akanitajia jina mara mbili, polepole, kisha akanisogezea sahani nzima.