Vidonge vya Verl na Mbwa Boone

Shemeji yangu Verl alifuga bata mzinga tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na kwa kuwa bata mzinga hawana haja ya kubembelezwa, hakuwahi kujifunza kusema uongo. Ukimuuliza kama gauni limekupendeza, anakwambia ukweli wote. Mkewe, dada yangu LaRue, analo moja la kijani kabatini ambalo mpaka leo hajalivaa mara ya pili.

Mwaka jana, theluji ilipoanza kuyeyuka, moyo wa Verl ulianza kumsumbua. Akipanda ngazi za kanisani alisimama katikati, akajifanya anatazama milima. Daktari akampa vidonge vidogo vyeupe na kumwambia atembee kila siku. Kuhusu kwenda milimani mwezi wa kumi kuwinda paa na wanawe, jambo ambalo hajawahi kulikosa, daktari alisema tu, "Tutaona."

Vile vyeupe Verl alivimeza bila ubishi. Kutembea ndiko kulikomshinda.

"Nimetembea nyuma ya bata maisha yangu yote," alisema. "Sasa nitembee nyuma ya nani?"

Hapo LaRue akaingia na vidonge vyake. Hapa kwetu Utah, Marekani, ukiona mtaani hakuna anayeuza virutubisho, jua muuzaji ni wewe. LaRue aliuza vidonge vikubwa vya rangi ya chungwa, vyenye koenzaimu na mafuta ya samaki, na maelezo yake aliyajua kama sala ya chakula. "Kila seli ya moyo ina majiko madogo madogo," alituhubiria, "na jiko bila kuni halipiki. Hizi ndizo kuni." Kila jioni alimwekea Verl viwili kando ya sahani, akasimama kumtazama.

"Mke wangu, hiki kitu kinanuka samaki wa juzi."

"Meza, acha maneno. Unataka kuniacha mjane?"

Verl alivitia mdomoni. LaRue alipogeukia jikoni, vikatoka, vikafichwa ndani ya kipande cha jibini, vikashuka chini ya meza kwa Boone, mbwa wao. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Verl akanitolea macho.

"Shemeji, umeona kitu?"

"Mimi? Naona viazi tu."

Kwa sheria za Verl, kuvificha vidonge hakukuwa uongo, maana hakuna aliyemuuliza. Ikawa ndio mtindo wa kila jioni.

Boone alikuwa mzee, kazi yake kulala mlangoni, sisi kazi yetu kumruka. Sijui kama ni yale majiko yaliyowaka au ni jibini tu, mimi si daktari wa wanyama, lakini kabla ya majira ya joto mbwa yule aliamka. Asubuhi alimletea Verl kiatu. Verl asipovaa, alimletea cha pili, kisha akabweka mpaka majirani wakafungua madirisha. Verl akatoka akilaani, akaburutwa kwa kamba mpaka kwenye mfereji wa maji. Baadaye ikawa mpaka darajani. Ilipofika Agosti tuliwaona wakishuka kutoka kilimani, Verl akipiga mluzi.

Septemba daktari alimpima, akampima tena. "Umefanya nini wewe?" LaRue akajibu kuwa ni vidonge vyake, kabla Verl hajafungua mdomo. Ruhusa ya kwenda kuwinda ikatoka, na dada yangu alilia garini kwa furaha, ameng'ang'ania mkono wa mumewe mpaka nyumbani. Verl aliniambia kwamba alitaka kusema ukweli pale pale, akamwonea huruma.

Alhamisi LaRue akaalika mtaa mzima, Verl asimame atoe ushuhuda wa vidonge vile, kama tufanyavyo kanisani. Sebule ilijaa, jeli ya kijani yenye karoti, chakula cha kila mkusanyiko kwetu, ikazunguka. Kiti cha mbele alikaa Deloy, fundi bomba mstaafu, ambaye moyo wake nao ulikuwa na hitilafu.

"Ndugu Verl," akasema, "vidonge vya daktari vimenichosha, kutwa niko chooni. Ukiniambia hivi vya Dada LaRue ndivyo vimekuponya, vile navimwaga leo leo. Neno lako linanitosha."

Verl alisimama. Alimtazama Deloy, akamtazama mkewe anayetabasamu kando ya makopo yake, na uso ukamshuka. Nilimwonea huruma kwelikweli.

"Mke wangu ananipenda kuliko ninavyostahili," alisema, "na vidonge vyake sijameza hata kimoja. Aliyevila ni Boone."

"Boone mbwa?" Deloy aliuliza.

"Huyo huyo. Yeye anakula, kisha ananiburuta. Vya daktari nimemeza vyote. Wewe mwaga vyako, Deloy, nitakuzika na bado nitakununia."

Uso wa LaRue uliiva kwa hasira. Niliisogeza jeli mbali naye.

"Miezi yote hii?"

"Yote."

"Na jibini langu?"

Watu wakaangua kicheko, lakini dada yangu hakucheka. "Nilipokuona unameza, Verl, ndipo nilipoweza kupumua," alisema. "Sikuwa na kingine cha kukufanyia."

"Najua. Ndiyo maana nilishindwa kukwambia."

Sisi wengine tulijitia kutafuta makoti yetu.

Asubuhi iliyofuata Deloy alikuwa getini, amevaa raba mpya. "Nimemeza vyeupe," alitangaza. "Huyo mbwa ana nafasi ya mtu mwingine?" Kabla Verl hajajibu, LaRue akatoka nyumbani naye amevaa raba, hajamsemesha mumewe tangu jana yake. Akamnyang'anya Verl kamba ya mbwa.

"Unakwenda wapi, Dada LaRue?" Deloy aliuliza.

Alimkabidhi kamba, akaupitisha mkono wake kwenye mkono wa Verl.

"Wewe shika mbwa," alisema. "Mimi namshika huyu."