Marakuja za Lupango

Siku ya marakuja naikumbuka vizuri, mwanangu, ila kuielewa ndiyo sijamaliza. Hapa Bunia bunduki zilikuwa zimenyamaza na watu wameanza kurudi kwenye nyumba zao, lakini salamu zilikuwa fupi na milango ilifungwa mapema. Jirani yetu Mama Dorika alirudi wiki hiyo kutoka Mahagi-Port alikokuwa amekimbilia. Kabila lake na letu yalikuwa yamepigana.

Kati ya nyumba zetu palikuwa na ua wa minyaa, ndio lupango wenyewe. Wakati wote wa vita hakuna aliyeukata, na marakuja za pori, yaani pasheni, zikaupanda mpaka juu. Kuzichuma kunataka utulivu, maana utomvu mweupe wa minyaa ni sumu, ukiingia jichoni utajuta. Unangoja tunda likunjamane ngozi, unalikata na kikonyo chake, unaliosha vizuri kabla ya kulipasua. Mama yangu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Siku hiyo alichuja juisi, akatia sukari na maji yaliyochemshwa, akajaza jagi na kunituma kwa Mama Dorika.

Mama Dorika alinikumbatia, akamimina kikombe kimoja. Kisha akakishika tu. Alikitazama, akanitazama mimi, akauliza habari za ndugu zangu. Kwetu, anayempelekea kinywaji mtu asiyemzoea huonja kwanza, mwenzake akiona, kuonyesha hakina sumu. Lakini huyu alikuwa amenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nikasimama pale bila kujua nionje au niondoke. Mwishowe akairudisha juisi kwenye jagi.

“Umuambie mama asanti. Tumbo yangu haiko muzuri.”

Mama alipoliona jagi limejaa, uso ulimbadilika. Nikamuuliza kama ilifaa nionje.

“Usionje hata. Mbele ya vita alikunywaka hapa, na hakuna mutu alionjaka. Leo nikionja, ni kusema niko muuaji.”

“Lakini mama, anaogopa.”

“Na miye naumia.”

Niliwakasirikia wote wawili, na wote wawili nikawahurumia. Mama alikuwa na haki. Mama Dorika, aliyezika watu wake, naye alikuwa na haki. Sasa mtoto ashike upande gani? Jioni hiyo nilimwona Mama Dorika akifunga tena mizigo aliyokuwa ameifungua. Kama angeondoka asingerudi, na mtaa mzima ungesema ni juisi yetu iliyomfukuza.

Asubuhi mama alibeba beseni, chujio, kata, sukari na kijiko, akaenda kukaa kwenye pengo la lupango, akiuelekea mlango wa jirani. Akaanza kuchuma na kupasua, bila kumwita mtu. Nilidhani hasira imemzidi. Mama Dorika alisimama mlangoni muda mrefu, halafu akaja na kijiko chake mkononi, akamwita mama kwa jina langu kama zamani.

“Mama Neema, mbegu unazitoshaka inje, ao unaziponda?”

“Naziponda kidogo tu. Ukizidisha, zinaletaka uchungu.”

Akakaa chini, wakakamua pamoja kwenye beseni moja. Mama akanituma vikombe. Nilipotoka navyo ndani, walikuwa wameshakunywa kwa kata ileile, na Mama Dorika analalamika kwamba sukari haitoshi. Mizigo ilifunguliwa siku hiyohiyo. Nani alitangulia kunywa? Niliwauliza mpaka wakazeeka, na kila mmoja alisema hakumbuki, kisha akaleta maneno mengine.

Basi mwanangu, nakupa nilichopata, ingawa ni kidogo. Ukitaka kumlisha mtu mwenye hofu, usimpelekee kilichokwisha kuandaliwa. Kitengenezee mahali anapokuona, umwachie nafasi ya kukaa na kazi ya kushika. Usimdai akuamini kwanza, wala usimchukie kwa kuogopa. Na kama wewe ndiye unayeogopa, nenda na kijiko chako. Mungu akupe majirani wa kubishana nao juu ya sukari mpaka nyote muote mvi.