Chumba chenye Dirisha

Asubuhi ile niliondoka Kasese bila mpango, na begi moja lenye vidonge vya kifua kikuu. Hasira juu ya ndugu zangu ndiyo iliyonitoa. Lori la saruji lilikuwa linakwenda Mpondwe, mpakani na Kongo. Nikapanda juu ya mifuko.

Kifua kikuu kilimuua kaka yangu kule Kilembe, katika nyumba za mgodi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi ya bonde. Alipoanza kukohoa, ndugu walisema amelishwa sumu. Wakampeleka kwa mzee wa kutapisha. Akatapika, wakafurahi, akazidi kukonda. Baada ya mazishi nilishika fimbo, nikatafuta mtu wa kumpiga.

Kisha nami nikakohoa. Muuguzi aliyenipima aliona nina maswali mengi, akanieleza. Kijidudu kikiingia mapafuni, askari wa mwili hukimeza ili wakiyeyushe. Lakini hiki kina koti la nta, na kikishamezwa humzuia askari asimwage tindikali yake. Kinakaa tumboni mwake, kinakula, kinazaana. Askari wengine wakikijengea ukuta, kinalala humo hata miaka. Mwili ukichoka, ukuta unaoza. Kinatoka na kikohozi kutafuta kifua kingine.

"Kwa hiyo kilijificha ndani ya askari wa kaka yangu mwenyewe?"

"Ndiyo. Na kinawapenda wazururaji kama wewe. Mkipata nafuu mnatupa dawa. Vijidudu vilivyobaki vinaamka vikiwa sugu."

Fimbo niliitupa mtoni Nyamwamba. Adui nilikuwa nimempata, na nilitaka wafe wote, hadi yule wa mwisho aliyelala.

Jioni ya safari ile, Bwera, karibu na mpaka, nilibisha kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja Mkongomani.

"Chumba ya nyuma iko bei muzuri, papa. Haina dirisha, hautasikia baridi."

"Nipe chenye dirisha, mama. Niko kwenye dawa ya kifua, nahitaji hewa. Muuguzi amesema siambukizi tena."

Akanitazama. "Unameza kweli?"

Nikakumbuka kwamba kwa haraka ya asubuhi sikuwa nimemeza. Nikavitoa vidonge begini.

"Meza mbele yangu," akasema, akileta maji. "Bwana yangu alitupa yake kule Butembo. Nilimuzika."

Nikameza kimoja kimoja, polepole, nikimfikiria kaka kila kilipopita kooni.

"Ua ile kitu, papa. Yote."

Akaenda mwenyewe kulisukuma dirisha, likagonga ukuta, baridi ya milimani ikaingia.